Zafarani Iliyonuka Omena

Mdosi wangu, ninayemtunzia bustani, alinipa vitunguu vitatu vya zafarani, kile kiungo cha pilau kilicho ghali kuliko nyama yenyewe. Nikavipanda kwenye gunia la sukuma wiki mlangoni kwetu, Kisumu Ndogo. Vikatoa maua matatu ya zambarau, kila ua na nyuzi tatu nyekundu. Nikazichuma asubuhi, nikazianika juu ya mabati, penye jua, kando ya omena ya mama, dagaa wa kutoka ziwani kwao.

Jioni zafarani yangu ilinuka samaki. Nikafoka mpaka nikalitukana ziwa zima la kwao. Mama akazichukua nyuzi zote, akazitia kwenye sufuria ya omena. Majirani walikula wakalamba vidole, wakauliza ametia nini.

“Nyanya tu,” mama akajibu, bila kunitazama.