Siku Niliyomsifu Mwalimu Elkana

Iko Jumamosi moja ya mwezi wa tatu ambayo haijanitoka moyoni, mwanangu, na naona ni vyema uisikie kutoka kwangu kabla watu hawajakusimulia kwa namna yao. Theluji ilikuwa imeanza kuyeyuka huku Sundbyberg, Sweden, na jumuiya yetu ya watu wa Afrika Mashariki ilikuwa imekodi ule ukumbi mdogo karibu na stesheni, kama kawaida. Siku hiyo nilisimama mbele ya watu nikamtambulisha mzee mmoja aliyekuja kukaa kwa mwanawe kule Fisksätra.

"Huyu ndiye Mwalimu Elkana," nilisema. "Kila nilicho nacho leo kilianzia kwake."

Nikalia, mimi ambaye hata siku ya kumzika mume wangu sikulia hadharani. Watu wakapiga makofi. Nikapendekeza awe anawafundisha watoto wetu Kiswahili na nyimbo kila Jumamosi, maana hawa wetu unawajua, ukiwasemesha Kiswahili wanakujibu Kiswidi. Wote wakakubali pale pale.

Sikudanganya, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Mwalimu Elkana alinifundisha kule Voi nilipokuwa na miaka kumi na mmoja. Aliniazima vitabu vyake, akanirekebisha mwandiko, akaniweka mbele kwenye kwaya. Baba yangu alipotaka niishie darasa la saba, yeye ndiye aliyekuja nyumbani akaketi naye mchana kutwa mpaka akakubali niende sekondari. Kutoka pale nikasomea uuguzi, nikaja huku, nikawatunza wazee wa Kiswidi kwa miaka ishirini na minane. Nyumba yangu, watoto wangu kusoma, vyote nikivifuata nyuma vinaniongoza hadi kwenye darasa la mtu yule.

Ukumbini siku hiyo alikuwepo Mkamburi. Mimi na Mkamburi tulikua pamoja Voi, milango yetu ikitazamana. Baba yake alifariki mapema, na mama yake alikuwa akiuza mboga sokoni tangu asubuhi hadi jioni. Alikuja Sweden miaka mingi baada yangu, akiwa ameolewa na mtu anayefanya kazi katika kiwanda cha malori Södertälje. Tulikuwa tukisalimiana vizuri, lakini kila nilipoanza hadithi za Mwalimu Elkana aliinuka kwenda kuosha vikombe. Mimi nilidhani ni wivu. Niliendelea na masomo, yeye akaishia njiani, na nikajiambia ndiyo sababu hapendi kusikia habari za mwalimu. Ona jinsi mtu anavyoweza kukaa na uongo wake vizuri.

Jumamosi ya tatu ya masomo, watoto walipomaliza, Mwalimu alimwita Espérance. Espérance ni mama wa Bukavu, anamlea binti yake Divine peke yake, na kazi yake ya usafi haimpi nafasi ya kupumua. Divine alikuwa na miaka minane.

"Huyu mtoto ana sauti," Mwalimu akamwambia. "Nitakuwa nambakiza nusu saa baada ya wenzake, nimfundishe peke yake. Tunaweza kuanza leo."

"Merci, mwalimu," Espérance akasema. "Mungu akubariki sana."

Divine alinishika sketi. Akasema kwa sauti ndogo, "Jag vill inte." Sitaki. Nami nikamwinamia, mwanangu, nikamwambia, "Nenda, mama, hiyo ni bahati. Hata mimi alinifundisha hivyo." Kisha nikamsukuma begani, kidogo tu, kama unavyomsukuma mtoto aendaye kutoa mkono kwa wageni.

Mkamburi alikuwa amebeba trei ya chai. Aliiweka chini, akamshika Divine mkono, akatoka naye nje bila kusema neno. Espérance akawakimbilia akidhani mtoto anaumwa. Mwalimu akabaki akitabasamu, akaniuliza, "Yule si binti wa yule mama wa mboga?" Majuma matatu walikuwa katika ukumbi mmoja na hakuwahi kumsalimu Mkamburi. Nami sikuona ajabu yoyote.

Kesho yake nilipanda treni mpaka Södertälje kumgombeza.

"Umemwaibisha mzee wa watu," nilimwambia kabla hata sijavua viatu.

Mkamburi akaniuliza, "Unakumbuka siku alipokutuma upeleke madaftari ofisini, mimi nikakushika gauni?"

Nilikumbuka.

"Nilikwambia ungoje twende wote. Ukaenda, ukaniacha naye. Kesho yake nikakuambia yule mtu ananifanyia mambo mabaya. Unakumbuka ulinijibu nini?"

Nilikumbuka hilo pia.

"Ulisema, 'Unasema hivyo kwa sababu ananipenda mimi.' Sikumwambia mtu mwingine tena, Wakesho. Mume wangu nimemwambia jana."

Sasa nitakueleza jambo ambalo ningependa kulificha. Hata hapo, nikiwa na miaka sitini na mmoja, mwanamke mwenye wajukuu, neno la kwanza lililonitoka lilikuwa, "Una hakika hukumwelewa vibaya?"

Hakukasirika. Aliinuka, akachukua koti langu ukutani, akalishika wazi ili nivae. Ndivyo alivyonifukuza nyumbani kwake.

Siku tatu sikulala vizuri. Siku ya nne nilikwenda Fisksätra mchana, mwanawe akiwa kazini. Mwalimu alinipokea vizuri, akanitengenezea chai mwenyewe. Nilikuwa nimekwenda nikiomba akatae. Angekataa ningemwamini, najijua.

"Mwalimu," nikasema, "Mkamburi amenieleza jambo."

Hakuuliza ni jambo gani. Alikoroga chai yake. "Hayo ni ya zamani, binti yangu."

"Kwa hiyo ni kweli."

Akanywa chai. Nikamuuliza lile nililokuwa nalo tumboni tangu nishuke kwenye treni: "Mimi hukunigusa hata siku moja. Kwa nini?"

Akafikiri, kwa utulivu, kama alivyokuwa akifikiri tulipomuuliza swali darasani. "Baba yako alikuwa akija shuleni," akasema.

Basi. Maisha yangu yote nilijua nilipendwa kwa sababu nilikuwa na akili, nilikuwa na adabu, nilisali. Kumbe nilikuwa tu na baba anayepita pale jioni na baiskeli yake. Na kuna baya zaidi ya hilo. Kina mama wengine walipomwona mtoto kama mimi ametulia katika chumba kile, akisoma vitabu vya mwalimu, waliwaleta wa kwao bila wasiwasi. Nilimfaa kwa namna hiyo. Sikuimaliza ile chai. Nilitoka na nikasimama stesheni nikaacha treni mbili zikapita.

Nilimpigia Mkamburi simu palepale. "Nimekuamini," nikasema. "Nimechelewa."

"Umechelewa miaka hamsini," akasema. Kisha akasema, "Nitawaambia wazazi mwenyewe. Wewe uwepo tu."

Jumamosi iliyofuata akasema mbele ya kamati ya jumuiya na wazazi, amesimama, mikono ameikunja kifuani, kwa maneno machache kuliko haya ninayokuandikia. Mwenyekiti alikuwa wa kwanza kujibu. "Dada zangu, mambo haya tuyamalize wenyewe kwa maombi. Mzee ana zaidi ya miaka themanini. Tukiyatoa nje, watu wa ustawi wa jamii wataanza kuchungulia nyumba zetu zote, na mnajua Waswidi watasema nini juu yetu." Wengi wakatikisa vichwa kukubali. Nawajua, si watu wabaya. Hofu ile nami ninayo.

Mama mmoja, mtu mzima wa umri wangu, akamgeukia Mkamburi. "Lakini kwa nini hukusema wakati ule?"

Mkamburi akafunga macho. Hapo nikasimama. "Alisema," nikawaambia. "Aliniambia mimi."

Ukitaka kujua kwa nini jumuiya yetu iligawanyika, ni siku ile. Espérance na familia nyingine tano walikwenda nasi polisi. Binti aliyetupokea alikuwa kijana, aliandika kila kitu, akamletea Mkamburi maji, kisha akatuambia bila kuzunguka kwamba jambo limetendeka mbali na ni la zamani mno, huenda lisifike popote. Darasa lilifungwa. Mwezi wa sita Mwalimu Elkana alirudi Voi, na waliobaki upande wa mwenyekiti walimfanyia ibada ya kumsindikiza, wakamkatia keki. Niliwapigia simu wanawake watatu niliosoma nao pale ili wajue anarudi. Wawili walilia, na vilio vyao vilinieleza yaliyobaki. Wa tatu alinikatia simu. Mzee yupo, anaketi mbele kanisani, watoto wanampa shikamoo.

Mkamburi nilimwomba msamaha. Akasema, "Bado." Sijamuuliza tena, wala sina haki ya kumharakisha. Na mimi kila nikiandika jina langu naliandika kwa mwandiko alionifundisha yule mtu. Sijapata mwingine.

Kwa hiyo, mwanangu, haya ndiyo ninayokuachia. Mtoto akikwambia hataki kubaki na mtu, usimuulize sababu kwanza. Mtoe pale, sababu zitakuja baadaye, au zisije, na hutakuwa umepoteza kitu. Usipime ubaya wa mtu kwa wema aliokutendea wewe. Anaweza kuwa amekutendea wema wa kweli kabisa, na bado yule aliyeketi kando yako akawa anaumizwa. Mtoto asiye na wa kumfuata shuleni, mfuate wewe. Pita pale, uonekane. Ukisikia watu wanasema tusiaibike mbele ya wenyeji, waulize aibu hiyo anabebeshwa nani. Na kama wewe mwenyewe unayesoma hapa yalikukuta kama yalivyomkuta Mkamburi, basi ulisema kweli tangu mara ya kwanza, hata kama uliyemwambia alikuwa mjinga kama mimi.

Mungu akupe sikio linalosikia mapema. Akulinde na watu wanaosifiwa sana, na akulinde pia na kuwasifu. Watoto wako wakue wakijua kwamba neno lao moja linatosha kwako. Na uzee ukikufikia, uketi mbele ya rafiki yako wa utotoni ukamtazama usoni, bila kuwa na lolote la kumwomba akusamehe.