Mimi na shemeji tulivyofunga seva mbili kwenye storage moja Kibondo, heshima ikatuponza

Wakuu, mwakeye! Ndivyo tunavyoamkiana huku Buha, pokeeni hivyo hivyo.

Hili limenitokea mwenyewe, sijasimuliwa. Anayebisha aje Kibondo nimwoneshe rack yenyewe, lile kabati la mitambo. Naandika huku nacheka peke yangu, mnivumilie.

Mimi ni fundi wa mitandao. Niliacha kazi Dar nikarudi nyumbani Kasulu, watu wakanicheka sana. Kwa hiyo nilipopata kazi kwenye hospitali moja binafsi Kibondo, niliishika kwa mikono miwili. Hiyo ikiharibika, narudi Dar na aibu yangu.

Kazi yenyewe: seva mbili, storage moja. Picha zote za X-ray zinakaa kwenye storage, na seva zote mbili zinaiona. Moja ikifa, nyingine inashika kazi.

Katikati ya seva na storage kuna swichi mbili za fibre, ya juu na ya chini, na storage imeungwa kwenye zote. Kila seva itoe waya mmoja juu, mmoja chini, ili swichi moja ikizima njia ibaki. Rahisi tu!

Mwenzangu alikuwa Nestori, kamuoa mdogo wangu wa kike. Kwao walitoka Burundi zamani, sasa ni raia, na ni fundi kweli kweli. Shida ni ushemeji. Nyie mnataniana na mashemeji zenu, sisi wawili tunaheshimiana mpaka mlangoni tunabishana nani atangulie.

Tukagawana, kila mtu na seva yake. Nikajisemea, swichi ya chini nimwachie shemeji ajinafasi. Nyaya zangu zote mbili nikachomeka juu. Kumbe naye kaniachia ya juu, zake zote kapeleka chini!

Na hakuna aliyekagua kazi ya mwenzake. Utamkaguaje shemeji? Ni kama kumwambia humwamini.

Siku ya majaribio akaja mwenye hospitali, Bi Mwajuma, mama mfanyabiashara, asili yake Tanga. "Mimi nachomoa ninachotaka," akasema. "Picha ikipotea, fungasheni vyenu."

Daktari akafungua picha ya mguu uliovunjika. Wauguzi wamejaa mlangoni.

Mama akachomoa umeme wa swichi ya juu.

Picha ikaganda.

Nestori akanong'ona kwa Kirundi, "Mana yanje," yaani Mungu wangu. Daktari anabofya, hola. Nikawa naliona kabisa basi la Dar.

Mara mguu ukarudi! Seva ya Nestori ilikuwa imeshika kazi. Makofi! Bi Mwajuma kwa furaha akanyoosha mkono kwenye swichi ya chini, na ile ya juu hata haijawaka.

"Mama, acha!"

Nimempigia kelele mtu mzima, tena bosi. Lakini nilikuwa nimeshaziona zile nyaya.

"Mama, imepona kwa bahati. Tumekosea kuchomeka. Tupe muda kidogo, halafu uchomoe tena."

"Nani kakosea?"

"Mimi," nikasema.

"Hapana muramu, ni mimi," Nestori akadakia. Muramu ndiyo shemeji kwa lugha ya kwao.

"Hapana shemeji, ni mimi."

Yaani tukaanza kubishana nani mwenye kosa, kwa heshima zote! Bi Mwajuma alicheka mpaka akatafuta kiti. "Rekebisheni, mtaniua nyie."

Nikahamisha waya wangu mmoja chini, yeye wake mmoja juu. Safari hii kila mtu akakagua wa mwenzake, aibu tumeiweka pembeni.

Mama akachomoa ya juu. Mguu uko pale pale! Akarudisha, akasubiri iwake, akachomoa ya chini. Mguu umetulia! Daktari naye akaomba achomoe. Wauguzi nao wakapanga foleni. Nilikuwa na furaha ya kijinga, nikajikuta nacheza.

"Mitambo ya tawi la Kasulu mtaifunga nyie," Bi Mwajuma akasema akitoka.

Nikampigia mama yangu kule kijijini Makere nikamwambia sirudi Dar tena. Akajibu, "Vizuri. Basi kesho uje upalilie maharage."

Nilichojifunza: shemeji mheshimu mezani, ila kwenye rack mkague. Mficha uchi hazai.

Haya, na wewe uliyewahi kufanya kazi na ndugu tupe yako. Nitajibu taratibu, niko shambani, na huyu mama yangu hataki kuona simu mkononi.