Kipigo Kilichochelewa Kufika

Ugoro ukinipitia puani, popote nilipo, napiga chafya kwanza, halafu nacheka. Hata kanisani. Juzi mzee mmoja aliyekaa mbele yangu alifungua kikopo chake katikati ya mahubiri, harufu ile kavu na kali ikanifuata, na mimi mwanamke mzima mwenye wajukuu nikaanza kucheka peke yangu mpaka binti yangu akanifinya. Ningemweleza nini pale? Kwamba nilipokuwa na miaka tisa watu wazima walinipigia magoti na kunikaribisha ugoro kwa heshima zote, eti kwa sababu niliupenda sana?

Nitawaeleza nyinyi, maana nyinyi hamtanifinya.

Nilizaliwa Kabuta, ufukweni mwa ziwa Mweru, huku Nchelenge, na utoto wangu wote ulipita hapo miaka ya hamsini. Aliyekuwa na sauti nyumbani kwetu ni bibi mzaa mama, Chilufya. Alikuwa mfupi, mwepesi wa miguu, mwenye kikopo cha ugoro kwenye fundo la nguo yake na mwiko mkononi. Sikumbuki mkono ule bila mwiko. Ubwali, yaani ugali wetu, wa mihogo hauna mchezo, unataka mti mgumu na bega, na mwiko wa bibi ulikuwa umelika upande mmoja kwa kusonga miaka nenda miaka rudi. Tulipokosea aliutumia kutuonyesha tulipokosea.

Siku hizo boti za samaki zilikuja kutoka Kasenga, ng'ambo, Kongo ya Wabelgiji. Zilibeba barafu tumboni, zikanunua kwa wavuvi wetu samaki wapana tunaowaita pale, na samaki wengine, na kuwapeleka mpaka Elisabethville. Boti ilipopiga honi, bibi aliacha chungu motoni akashuka ufukweni na mwiko wake ukidondosha ubwali mchangani. Alisimama akatazama kila aliyeteremka, mmoja mmoja, mpaka wa mwisho. Halafu alipanda kurudi nyumbani akiwa amekunja uso.

Alikuwa anamtafuta Musonda, kitinda mimba wake, mdogo wake mama yangu. Musonda alikwenda Elisabethville kutafuta kazi ya migodini, na kwenda si neno, vijana wengi wa kwetu walikwenda. Lakini yeye alipanda boti bibi akiwa shambani anachimba mihogo, akamwachia ujumbe mtoto wa jirani: mwambie mama nimekwenda. Basi. Mimi nilikuwa bado nabebwa mgongoni. Hakurudi tena kututembelea, ingawa salamu zilikuja.

"Kama mwizi!" bibi alikuwa akisema, akisonga kwa hasira mpaka chungu kinacheza. "Siku Musonda atakapokanyaga mchanga huu, nitamchapa kwa mwiko huu huu, mbele ya watu. Halafu atakula."

Maneno hayo niliyasikia kila boti ilipokuja. Watoto wengine walijua sala ya kulala. Mimi nilijua hiyo.

Msimu mmoja wa mvua bibi alishikwa na homa, na kabla hatujazoea kwamba anaumwa, alikuwa amekwisha kufa. Tulituma habari Elisabethville kwa boti. Tukangoja, Musonda hakuja, na ukoo ukaona jina la bibi halifai kulala nje zaidi ya hapo.

Kwetu, jamani, mtu akifa jina lake halizikwi. Hutafutwa mtu wa ukoo arithi jina na nafasi yake, na akisharithi, yeye ndiye. Hasemwi kwamba anafanana naye, wala kwamba anamwakilisha. Ndiye. Tunaita kupyanika. Walinikalisha kwenye mkeka mpya, wakaninywesha maji kwenye kikombe, wakanifunga ushanga mweupe mkononi, wakaniambia: wewe sasa ni Chilufya. Wazee wa kanisa waliguna, wakasema mambo haya ya kale yaachwe, lakini hawakuondoka mpaka nyama ilipoiva.

Kesho yake mama yangu alipiga goti mlangoni, akapiga makofi taratibu. "Mwashibukeni, mayo," akaniambia, yaani mmeamkaje, mama yangu. Nikatazama nyuma kuona anamsalimia nani.

We acha tu. Yalikuwa maisha matamu, isipokuwa ugoro. Jirani mmoja, rafiki wa bibi, alinikaribisha kikopo chake na nisingeweza kukataa, maana "ulikuwa unaupenda". Nilipiga chafya mpaka ushanga ukatingishika, na yule mama akanitazama kwa masikitiko, kama mtu aliyemwona rafiki yake amezeeka vibaya. Huyohuyo alinigombeza kwa jambo nililomfanyia kabla mama yangu hajazaliwa. "Ulipovuka na mtumbwi kutoka Chisenga, ukaniacha peke yangu na nyavu zote zile, unadhani nimesahau?" Nikaomba radhi. Ningefanyaje?

Siku moja nilivunja mtungi. Mama alikwanyua fimbo, akainyanyua, na fimbo ikabaki hapohapo juu. Aliishusha polepole. "Nampigaje mama yangu?" akasema, akaketi chini, akacheka, na katikati ya kicheko akaanza kulia. Nikakaa karibu yake nikamshika bega. Sikujua kama namshika kama mtoto wake au kama mama yake, na nadhani naye hakutaka kujua.

Ndipo mjomba Musonda alipofika.

Alishuka kwenye boti na viatu vyeusi, kofia, na saa mkononi. Tulilia naye kama inavyopasa. Vilio vilipotulia, mama alimshika mkono akamleta mbele ya mkeka wangu. "Msalimie mama," akamwambia.

Mjomba alinitazama. Kwetu nyumbani tulisema Kibemba, Kiswahili kilikuwa lugha ya boti na ya soko, lakini yeye Elisabethville ilikuwa imemwingia mdomoni. "Yaya, usinichezee," akamwambia mama yangu, dada yake mkubwa. "Mama amekufa. Huyu ni Anyesi, mutoto yako."

"Ni mama."

"Ni mutoto," akasema, akatoka nje. Nilimsikia akikohoa nyuma ya nyumba, kikohozi cha mtu asiyeumwa kifua.

Boti ilikaa siku kadhaa ikingoja samaki. Mjomba hakuwa mtu mbaya, msimwonee. Alinichukua akanionyesha barafu, kitu ambacho sikuwahi kukigusa. Nilipiga ukelele nikadhani imeniunguza, akacheka sana. Nikamuuliza kuhusu saa yake, kama inaweza kurudi nyuma. Alizungusha mishale kinyume, akanionyesha.

"Saa inarudia," akasema. "Siku hairudie."

Kisha, pale kwenye ukingo wa boti, miguu yetu ikining'inia, aliniambia jambo ambalo limenifanya niwe hivi nilivyo. Kazini kwake kulikuwa na enjeniere, yaani mhandisi, Mbelgiji aliyependa kuongea wakati wa mapumziko. "Alisemaka hivi: mutu akikimbia mbio sana, karibu na mbio ya mwangaza, saa yake inaenda polepole. Akirudia kwao anakuta batoto bamekuwa bazee, na yeye angali kijana." Akanyoosha kidole kwa wale samaki, pale, waliolala kwenye barafu. "Unaona hii samaki? Amekufa juzi. Lakini atafika Elisabethville kama amekufa leo. Siku zimepita juu yake, hazikumugusa. Ni vile. Kwenda kwa siku za mbele, mutu anaweza."

"Na kurudi kwa zile za nyuma?"

"Hapana. Nilimuuliza. Akasema hapana. Kesho yake nikamuuliza tena. Akasema, Musonda, mbona unaulizaka tu hiyo?"

"Ukamjibu nini?"

Mjomba aliingiza mkono wake wote kwenye barafu, akauacha humo mpaka nikaogopa. "Nikamujibu, ni kwa kujua tu," akasema.

Asubuhi moja, boti ikiwa bado ufukweni, mama alikuwa shambani. Mimi nilibaki na chungu, maana Chilufya akikaa bure watu wanasema. Mjomba alikuwa ametuambia boti haitaondoka mpaka kesho yake. Nilikuwa nasonga kwa mikono miwili nilipomsikia mtoto wa jirani akiniita kutoka nje.

"Mjomba wako anasema, mwambie mama nimekwenda."

Nami nikasikia honi.

Damu ilinipanda. Sijui niwaambieje. Nimefundisha fizikia maisha yangu yote, sipendi maneno ya mizimu, na bado nawaambia kwamba hasira ile haikuwa ya mtoto wa miaka tisa. Ilikuwa ya zamani, imeiva. Niliteremka mbio na mwiko mkononi, ubwali ukidondoka mchangani, na niliponyanyua macho nikamwona ameshika sanduku, mguu mmoja umeshaingia majini.

"Musonda!"

Kwetu mtoto hamwiti mjomba wake kwa jina tupu. Ni kama kumvua nguo hadharani. Wavuvi waliokuwa wakishona nyavu waliacha kushona.

"Musonda! Unakwenda tena kama mwizi? Na mimi niko jikoni nakusongea?"

Aligeuka. Nilimfikia, nikamchapa begani. Nikamchapa tena. Ubwali ukaganda kwenye koti lake zuri la Elisabethville. Mwanaume yule angeweza kuninyanyua kwa mkono mmoja akanitupa ziwani, nami nililijua hilo. Lakini sikuacha, maana bibi hakuwahi kusema atamchapa kidogo.

Mjomba aliweka sanduku chini. Akavua kofia. Akapiga magoti hapohapo kwenye maji, na viatu vyake, akainamisha kichwa ili nimfikie vizuri.

"Mama," akasema. Kwa Kibemba sasa, Kiswahili chote kilikuwa kimemtoka. "Nilitaka kukuaga. Nilikuja mpaka njia ya shamba nikakuona umeinama unachimba. Nikajua ukilia, sitakwenda. Nisamehe, mama. Nilitaka kukuaga."

Bibi hakunifundisha jibu la maneno hayo. Hakujua kama yangesemwa. Alikuwa ameniachia sentensi yenye vipande viwili tu, na cha kwanza nilishakimaliza. Nikasema cha pili.

"Sasa ukale."

Alilia, ndugu zangu, alilia kwa sauti, mwanaume mwenye saa mkononi. Wanawake walileta ubwali na samaki wa pale kwenye bakuli, akala ameketi mchangani, machozi na kamasi vikimwingia kwenye mboga, na hakuna aliyemcheka. Nahodha, Mkongomani mnene asiyejulikana kwa uvumilivu, alizima injini. "Muache akule," akasema. "Barafu itangoja." Mama alifika mbio kutoka shambani na udongo mikononi, akakaa karibu na mdogo wake, akachovya naye.

Alipomaliza alinawa, akapiga goti mbele yangu, akapiga makofi. "Mayo, ninakwenda," akasema.

"Nenda. Urudi."

Na alirudi, kila mwaka, mpaka miguu ilipomkataa.

Wakati ule nilidhani alilia kwa sababu nilimwumiza. Nilijisikia shujaa, na vilevile nilisubiri mama anigombeze, halafu nikakumbuka kwamba hawezi. Ilinichukua miaka mingi kuelewa. Nilikwenda kusoma ng'ambo kwa mjomba, nikaolewa huko, nikafundisha huko, na kila mwaka darasani aliinuka mwanafunzi mmoja, kwa kawaida yule wa nyuma asiyefanya mazoezi, akauliza: Mwalimu, sayansi inaweza kuturudisha jana?

Nilimjibu kama ninavyopaswa. Kwenda mbele, ndiyo, Mbelgiji wa mjomba alisema kweli. Watu wamepakia saa ndani ya ndege, wakazishusha na kuzikuta zimepishana na zile zilizobaki chini, kwa chembe ndogo mno. Kurudi nyuma, hesabu zenyewe bado hazijaufunga mlango kabisa, lakini hakuna anayejua njia, na wengi wetu tunadhani haipo. Kisha nilimwambia kuhusu nyota, kwamba mwanga unaouona leo ulitoka huko kabla babu yako hajazaliwa, na huenda nyota yenyewe imekwisha kuzimika. Mwanga haukurudi nyuma popote. Ulikuwa njiani tu.

Siku moja nikiyasema hayo nilisimama katikati na chaki mkononi, nikageukia ubao ili wasinione uso. Bibi alikuwa ameunyanyua mwiko ule siku Musonda alipoondoka. Ulikuwa njiani miaka yote ile, na bibi alizimika kabla haujafika. Mkono uliokuwepo pale ulipofika ulikuwa wangu.

Sasa nimerudi Kabuta. Barafu ziko madukani, hakuna mtoto anayezishangaa. Mwanangu wa kiume yuko mbali, mbali kuliko Elisabethville, na hupiga simu sikukuu zikifika. Alikwenda nikiwa hospitalini kumwuguza baba yake; aliacha ujumbe kwa jirani. Nami kila akikata simu nasema palepale, kwa sauti, kwamba siku atakapokanyaga mchanga huu nitamchapa kwa mwiko mbele ya watu, halafu atakula.

Mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, hukaa karibu na jiko akisikiliza. Midomo yake inacheza kidogo, anayafuata maneno. Jana aliniuliza mwiko wa zamani uko wapi. Nikamnyanyua, nikamwonyesha unapotundikwa, nikahakikisha mkono wake unaufikia.