Ujumbe Nilioukalia

Mwanangu, ipo asubuhi moja ya mwaka 2013 ambayo nikiikumbuka, hata nikiwa peke yangu, nainamisha kichwa. Umeniambia umepangiwa kazi mpakani, kushirikiana na askari wa Burundi. Basi kaa nikusimulie kabla hujafunga begi.

Nilikuwa koplo katika kituo kimoja cha polisi upande wa Kasulu. Nilikuwa na miaka arobaini na kitu, umri wa kutosha kuwa na akili, lakini damu yangu ilikuwa bado ya ujana. Upande wa pili, Burundi, tulikuwa na askari mwenzetu aitwaye Diomede. Kazi yetu ilikuwa kupeana habari za wezi wa pikipiki, maana wanaiba huku wanauza kule, wanaiba kule wanauza huku.

Miezi michache nyuma tulikuwa na kikao cha pamoja Kakonko, wakati huo bado wilaya changa. Diomede alisimama akaeleza jinsi wezi wawili walivyokamatwa, kana kwamba kazi yote aliifanya yeye. Watoa habari walikuwa wangu mimi. Niliyekesha porini ni mimi. Akapigiwa makofi, nami nikapiga, huku moyo unafuka moshi. Kweli alinikosea, sikufichi.

Baadaye tukaletewa jina la mwizi mmoja anayetafutwa pande zote mbili. Nikamkamata Nestori, kibarua Mrundi aliyekuwa akilima maharage Makere, kwa sababu jina lilifanana. Siku ya pili, asubuhi, simu ikaita.

"Amahoro, afande," akasema Diomede. "Huyo mliyemushika siye. Tunayemutafuta amekatika kidole kimoja, mukono wa kushoto. Na leo yuko njia ya kuja Kasulu."

"Sawa, nimekusikia," nikajibu, nikakata.

Sikumwambia mkuu wa kituo. Sikuandika daftarini. Nilijiambia kwamba huyu anamlinda Mrundi mwenzake, au anataka tena kusimama mbele ya watu apigiwe makofi. Lakini nilikwenda mahabusu. Nestori alikuwa ameshika kikombe cha uji kwa mikono miwili, na mimi nikavihesabu vidole vyake. Vilikuwa kumi. Nikageuka nikarudi mezani kwangu, nikanyamaza siku nne.

Unashangaa? Hata mimi nashangaa. Kila asubuhi nilijiambia nasubiri barua rasmi.

Siku ya tano baada ya simu ile akaja mwanamke kwa miguu kutoka Makere, miguu imevimba, mgongoni ana mtoto wa siku tatu. Alikuwa Beata, mke wa Nestori. Alijifungulia shambani, peke yake, hakuna wa kumkimbilia mkunga. Hakuja kulalamika. Alisema tu kwa Kiha chenye Kirundi ndani yake kwamba amekuja ili baba amwone mtoto na kumpa jina.

Mwanangu, sikungoja barua tena. Nikaingia ofisini kwa mkuu wetu, mama mmoja aliyehamishiwa kwetu kutoka Tanga, mtu mpole asiyepandisha sauti. Nikamweleza yote, simu, vidole, kikombe cha uji.

Kisha akaniuliza, "Ulitaka kumkomoa nani?"

"Diomede, afande."

"Diomede amelala kwake siku zote hizi, anakula na wanawe. Uliyemkomoa yuko hapo nje, anavuja damu kwenye benchi langu."

Hakunifokea. Angenifokea ningepona haraka. Alinyanyuka mwenyewe akamfungulia Nestori, akaagiza gari la kumpeleka Beata hospitali. Mimi akanisogezea simu. "Mpigie. Mwambie ulichofanya."

Nikampigia, nikamweleza yote. Nilitarajia matusi, na nilistahili. Diomede akauliza, "Mutoto ni muzima?"

"Mzima."

"Na mama?"

"Anapelekwa hospitali."

"Basi Mungu ni mwema," akasema. "Ya Kakonko nilikosa mimi, ninajua. Ungeniambia tu, ndugu yangu."

Mwizi mwenyewe alikuwa ameshapita Kasulu zamani. Hadi nastaafu hatukumpata. Nestori alipotoka nilimwomba radhi. Alinitazama, akampokea mtoto wake, akamfuata mkewe garini. Sikumlaumu. Beata alipona, na ndiye aliyenisalimu tulipokutana sokoni mwaka uliofuata. Nilikwenda nyuma ya vibanda nikalia.

Sasa nisikilize. Utafanya kazi na watu usiowapenda, na wengine watakukosea kweli kweli, wala sikuambii uwapende. Nakuambia hivi: mtu wa namna hiyo akikupa ujumbe, ufikishe kwanza kwa anayehusika, uuandike, uuchunguze. Hasira yako itakusubiri, haina haraka. Na ukiwa na neno na mwenzako, mpigie umwambie mwenyewe, siku hiyo hiyo, kabla halijapata mtu mwingine wa kulilipia.

Haya, njoo nikushike kichwa. Mungu akutangulie huko mpakani, akupe usingizi mwororo kila jioni utakapovua sare. Na wanaokuhitaji wakukute daima mlango wako uko wazi. Nenda salama, mwanangu.