Modemu ya Mzee Sekunde

Mtaa mzima ulimwita Mzee Sekunde, naye aliitika bila kinyongo. Kwa miaka arobaini alitengeneza saa kwenye kibanda chenye meza moja na taa moja, na sharti lake lilikuwa moja tu: saa haitoki mikononi mwake mpaka itembee mezani siku nzima bila kuguswa. Mwenye saa alie, anune, apige magoti, hapewi. "Kesho," angesema, na kesho yake ilikuwa kesho kweli, jambo ambalo mafundi wengine hulisikia tu.

Sasa alikuwa kwenye duka la kompyuta, ameikodolea macho rafu ya modemu kama mtu aliyesahau alichotumwa. Binti yake wa pekee, aliyeolewa ng'ambo, alikuwa afanyiwe upasuaji wa moyo Ijumaa. Mkwe alikuwa amewatumia yeye na mkewe kompyuta kuukuu kwa mkono wa rafiki, pamoja na barua: simu kutoka huku inasumbua, nitawaandikia kwa barua pepe kila hatua. Kilichobaki ni modemu, hicho kidude cha kuunganisha kompyuta na waya wa simu. Mtoto anakwenda kufunguliwa kifua, na baba mtu anaulizwa anataka spidi gani!

"Ya ndani au ya nje, mzee?" muuzaji aliuliza.

"Ya nyumbani."

"Nauliza, ikae ndani ya kompyuta au nje, mezani?"

"Mwanangu, mimi nataka isiyokata. Hayo mengine utajua wewe."

Akapewa ya ndani. Ilipiga kelele, ikakoroma, ikashika laini, na kabla hajakaa sawasawa kitini ikakata. Mara tisa. Akairudisha, akapewa ya nje, nyembamba, nyepesi mno. Hiyo ilijitahidi dakika nne kisha ikazima taa zake zote. Jumanne aliporudi mara ya tatu, muuzaji, aliyekwisha kumchoka, alimshushia kutoka juu ya kabati modemu ya chuma, nzito kama pasi, iliyotumika ofisini.

"Hii ikishika, mzee, haiachii."

Aliipima mkononi, akaitikisa karibu na sikio. Hakuna kilichogonga ndani. Kwa mara ya kwanza wiki ile akapata kupumua.

Jumatano, saa moja asubuhi, aliiunganisha na taa ya kijani ikawaka. "Hapa haguswi mtu wala kitu mpaka jioni," alimwambia mkewe.

"Na simu je? Si itakuwa imeshikwa?"

"Siku yenyewe ni Ijumaa, mama. Leo nani wa kutupigia? Tukiijua leo, Ijumaa hatuhangaiki."

Mkewe hakubisha. Tangu barua ile ije alikuwa habishi kitu, yeye aliyezoea kubishana hata na redio, na ukimya huo ulimtisha mzee kuliko barua yenyewe.

Basi akakaa kuitazama taa ya kijani. Saa nne imeshika. Saa saba imeshika. Alasiri akajikuta anapiga mluzi, kisha akaona haya. Lakini tusimlaumu. Wiki nzima hakuwa na la kumfanyia mwanawe, na sasa aliona kuna jambo moja analolifanya vizuri.

Saa kumi na moja jioni aliridhika. Akafungua barua pepe kwa kidole kimoja, kama alivyoelekezwa; kuandika jibu hakuwa amefundishwa. Zilikuwa mbili.

Ya kwanza ilikuwa ya binti, imeandikwa asubuhi. "Baba, wamebadilisha, naingia leo badala ya Ijumaa. Napiga nyumbani tangu saa mbili, simu yenu iko bize tu. Nilitaka kumsikia mama kabla sijaingia. Naogopa, baba. Nitajaribu tena."

Ya pili ilitoka kwa mkwe, saa tano. "Wamemchukua sasa hivi. Amewapigia mpaka mlangoni. Akitoka nitapiga au nitaandika, chochote kitakachoshika."

Basi. Hapakuwa na ya tatu.

Alimsomea mkewe zote mbili. Simu yao haikufunguliwa kupiga nje ya nchi, na hata ingefunguliwa, hospitali yenyewe hawakuijua namba. Waya ulikuwa mmoja. Akiuacha kwenye modemu, simu haitalia. Akiuchomoa, barua haitaingia. Aliushika waya, akauachia, akaushika tena. 

Mkewe ndiye aliyeinuka. Aliuchomoa waya, akauchomeka kwenye simu, akanyanyua mkono wa simu na kuukandamiza sikioni kwa mikono yote miwili.

"Mwanangu?" alisema. Mlio wa laini tupu ulisikika mpaka alipokaa mzee. "Mwanangu, ni mama. Nipo."

"Iweke chini, mama," alisema Mzee Sekunde. "Ukiishika hivyo haiwezi kulia."

"Nipo, mwanangu. Nipo hapa."

Akamwomba tena, taratibu, amenyoosha mkono. Mkono ukabaki hewani. Yeye ndiye aliyeishika laini ile siku nzima, na hakuwa na uso wa kumnyang'anya.