Nyimbo Nilizodhani Ni Zangu

Mpaka leo nina hasira. Mimi ni DJ wa sherehe, naishi Sofu, Kibaha. Kwa miaka mingi nilinunua nyimbo mojamoja na kuziweka kwenye flashi. Mwaka huu nikajifanya mjanja: nikajiunga na huduma ya kulipia kila mwezi, nikapakua nyimbo zote kwenye simu, flashi nikazifuta.

Jumamosi nilikuwa Kisarawe, kwenye harusi ya Mwanahawa, binti wa dada yangu. Bibi harusi alipofika mlangoni, nikabonyeza wimbo wake. Kimya. Nikabonyeza mwingine. Kimya.

Damu ikanichemka. Nikashika kipaza sauti: "Ndugu wageni, mtuwie radhi. Spika za ukumbi huu ni mbovu!"

"Mbona wewe tunakusikia vizuri?" mzee mmoja akauliza.

Dada akaja mbio, akaninyang'anya simu. "Kaka, si spika. Wameandika hapa: malipo yako yamekwisha, lipia uendelee kusikiliza."

"Wezi wakubwa!" nikafoka. "Nimezipakua mwenyewe, zimo ndani ya simu yangu, halafu wanazifunga? Hizi nyimbo ni zangu!"

"Zingekuwa zako zingeimba. Ulizinunua au ulizipanga kama chumba?"

Kipaza sauti kilikuwa bado mkononi mwangu, hakijazimwa. Ukumbi mzima ulikuwa umesikia, na pale mlangoni bibi harusi alikuwa amejifunika uso kwa shela, mabega yakimtikisika kwa kicheko.