Maziwa niliyompa mjukuu wangu kwa kificho

Wewe mwenye ukurasa huu, jina langu lifiche. Mimi ni bibi wa huku Rungwe, sabini imepita, kamili siijui maana shule sikuingia. Anayeandika ni binti wa jirani, mimi naongea tu, na nimemwambia asinipunguzie maneno. Wakubwa wangu shikamooni, wadogo marahaba zenu.

Nakaa na kijana wangu wa mwisho. Mume wangu kabla hajafa alimpa mjukuu wetu wa kike ng'ombe wa maziwa. Akasema huyu ni wa mtoto, anywe mwenyewe. Ng'ombe mkorofi huyo, akikamuliwa na mwingine anapiga ndoo teke, mpaka niende mimi nimwimbie. Haya, nisipotee.

Mtoto alipoachishwa ziwa akaanza kuharisha, tumbo linajaa, vipele shingoni, hanenepi. Mkwe wangu, mama yake, akahangaika naye hospitali, mwisho daktari akasema mwili wa mtoto unakataa maziwa ya ng'ombe. Asipewe, wala mgando, hata kijiko. Mkwe akarudi akanieleza vizuri tu, "Mama, tumpe uji wa karanga, dagaa, maharage, parachichi. Atakua."

Nikamwambia, "Mnyakyusa gani anakataa maziwa? Mimi nimelea saba kwa mgando, mmoja anainama kupita mlangoni."

Akacheka. "Huyu siyo wale saba, mama."

Mimi nikaona ananidharau, anamdharau na marehemu. Ng'ombe ni wa mtoto, maziwa yauzwe, yanywewe na watu wa mjini, mwenyewe anyimwe? Basi yeye akienda kuchuma chai, namwita mtoto jikoni, namchanganyia kwenye uji. Namwambia usimwambie mama. Na kweli hakusema, mtoto wa miaka mitatu.

Akaisha yule mtoto. Akabaki mbavu. Nikiona anaharisha nasema hiyo ni njaa, namwongezea. Nilijua namponya, wanangu. Kijana wangu akiniuliza, "Mama, huyu mtoto ana nini?" namjibu, "Mkeo anamnyima chakula kwa sababu ya makaratasi ya daktari." Sikulisema mara moja hilo. Mwisho akamfukuza mkewe. Aliondoka na mtoto mgongoni, mvua inanyesha, kwenda kwao Nkunga. Nilisimama mlangoni nikawaangalia mpaka wakapotea kwenye migomba.

Mwezi uliopita nikaenda kuwasalimia. Mtoto ana mashavu. Kidogo nisimjue. Ngozi safi, anafukuza kuku uwanjani. Akanikimbilia, akaniuliza mbele ya mama yake, "Bibi, umeleta yale maziwa yetu ya kuficha?"

Mkwe wangu alikuwa anamenya ndizi. Akaweka kisu chini. Hakunitukana, afadhali angetukana. Aliniletea kigoda, akaniletea maji ya kunawa, akapika, akanipakulia. Ndiyo akasema, "Mama, mume wangu mimi sitamwambia. Maneno yalitoka kwako, na haya yatoke kwako." Nilikula zile ndizi, utamu wake sikuusikia.

Sasa kijana ameita wazee, Jumamosi waende Nkunga wamchukue mtoto, aje nimlee mimi. Ananishika bega ananiambia, "Mama, wewe peke yako ndiyo unamwonea huruma mwanangu." Mara mbili nimefungua mdomo nimwambie, nikaishia kumuuliza kama ameshakula. Wale wengine wako mbali, huyu ndiye atakayenizika. Nikisema, sijui atanitazamaje siku zilizobaki. Nikinyamaza, wanamtoa mtoto kwa mama aliyemponya, wanamleta kwangu mimi niliyemuumiza, na sababu ni uongo wangu.

Nyie mlio na wakwe na wajukuu, nisaidieni. Nianze na neno gani? Mnipe hilo la kwanza tu, mengine nitajikaza mwenyewe. Leo ni Alhamisi.